Nilikwenda kupimwa afya kwa ajili ya kazi, nikaambiwa nina homa ya ini

Dereva wa Masafa:
Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Mwezi uliopita nilipata kazi ya kuendesha malori, na mwajiri akataka nipimwe afya kwanza. Nilikwenda nikihofia macho tu, kwa kuwa nina miaka 38 na herufi za mbali zimeanza kunipa tabu. Macho yakaonekana mazima. Balaa likatokea kwenye damu. Mtaalamu wa maabara alikunja karatasi mara mbili kabla ya kunikabidhi, na ndani yake nikakuta neno "chanya" limezungushiwa wino mwekundu kwenye kipimo cha homa ya ini aina ya B. Nakula vizuri, nalala vizuri, wala macho yangu hayajawahi kuwa ya njano. Tangu siku hiyo mke wangu ametenga kikombe changu kwenye rafu ya juu, na juzi aliniuliza, kwa upole unaoumiza kuliko makelele, ni nani aliyeniambukiza. Sijatoka nje ya ndoa, basi nimjibu nini?

Muuguzi Mstaafu:
Pole sana, ndugu yangu. Ini halilalamiki mapema, ndiyo maana wengi hugundulika walipokwenda kuchangia damu, kuhudhuria kliniki ya wajawazito au kutafuta ajira kama wewe. (Hata virusi vyenyewe viligunduliwa katika miaka ya 1960 na Baruch Blumberg, ambaye alikuwa akichunguza tofauti za kurithi katika protini za damu, si ugonjwa wa ini.)

Kuhusu mkeo, naomba asome hapa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda virusi wenyewe. Takriban 95 kati ya 100 hupona. Kwa mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa mambo ni kinyume, kwani takriban 90 kati ya 100 hubaki navyo. Kwa hiyo, ikithibitika kwamba virusi vimekaa mwilini mwako muda mrefu, yaelekea zaidi kwamba ulivipata utotoni kuliko mwaka jana. Chanjo ya virusi hivi iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, wewe ukiwa tayari kijana. Karatasi ile haisemi lini wala nani, na anayeisoma kama ushahidi wa uzinzi anaidai jambo isilolijua.

Kikombe kirudi mahali pake. Virusi hivi havipiti kwenye chakula wala vyombo, bali kwenye damu, kujamiiana na uzazi. Vya kutenga ni wembe, mswaki na kikata kucha.

Mama wa Watatu:
Mimi niligundulika kliniki nikiwa na mimba ya pili. Kipimo hurudiwa baada ya miezi 6, na virusi vikiwa bado vipo ndipo ugonjwa huitwa sugu. Daktari atataka pia kuona utendaji wa ini, wingi wa virusi na picha ya ultrasaundi, kwa sababu si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa. Mimi nafuatiliwa tu. Mume wangu alikutwa salama, akachanjwa dozi tatu: ya kwanza siku ileile, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Shangazi yake aliniletea dumu la mizizi michungu, nikalipokea kwa heshima na nikalimwaga usiku, maana zipo dawa za mitishamba zinazoliumiza ini lenyewe. Pombe nayo uiache.

Dereva wa Masafa:
Asanteni sana. Mke wangu amesoma yote, na kesho tunakwenda naye kupimwa. Sasa namfikiria mama yangu, ambaye yu hai, pamoja na wadogo zangu watatu. Nimwambieje bila kumfanya ajione mkosaji?

Muuguzi Mstaafu:
Mwambie kwamba umegundulika na virusi, na kwamba daktari hutaka ndugu wote wa tumbo moja wapimwe pamoja na mzazi. Habari ya nani alianza usiiguse. Hata yeye huenda alizaliwa navyo.