Modemu ya rahisi inayobana data: ninunue ipi? (barua za miaka ya 1990)

Ndugu zangu, hamjambo huko mliko? Mimi ni mwanafunzi hapa Leeds, na bili ya simu inanimaliza. Modemu yangu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ni ya 2400, yaani biti 2400 kwa sekunde. Dukani nimeona mbili za 14400. Maboksi yote yanasema zinafika 57600 kwa kubana data, lakini moja ni karibu nusu ya bei ya mwenzake. Zinatofautiana nini?

---

Mdogo wangu, pole sana. Hiyo 57600 ni 14400 mara 4, na mara 4 ndiyo kikomo kinachotangazwa cha V.42bis, kanuni ya kubana data ndani ya modemu. Usitegemee kuiona kila siku. Barua zetu za kompyuta ni maandishi matupu, zinabanika vizuri, kwa hiyo faida utaipata. Faili za ZIP na picha za GIF zimeshabanwa tayari, hazibanwi tena. Modemu yenye MNP 5 peke yake, kanuni ya zamani ya kubana, huzing'ang'ania hizo hizo hadi zikawa kubwa zaidi. V.42bis ikiona hakuna cha kubana, huzipitisha zilivyo.

Sasa ile ya rahisi, geuza boksi utafute herufi RPI (Rockwell Protocol Interface). Ukiziona, tafadhali iache. Modemu ya namna hiyo haibani wala haisahihishi makosa ya laini yenyewe, inaitwisha kompyuta kazi hiyo, tena kwa programu inayoijua RPI tu. Ukikosa programu hiyo umenunua 14400 kavu, na laini ikikwaruza skrini inajaa takataka.

Tazama na kibandiko. Duara la kijani ni ruhusa ya kuunganisha kwenye laini za Uingereza, pembetatu nyekundu ni marufuku.

---

Shikamoo kaka, naongezea kidogo. Modemu ya upande wa pili nayo lazima iwe na V.42bis, kwa hiyo muulize kwanza anayekupa huduma ya mtandao. Ukinunua modemu inayokaa nje ya kompyuta, kagua chipu ya poti, yaani tundu la kompyuta unapoichomeka: 8250 na 16450 hushika baiti 1 tu, na ndani ya Windows herufi zinapotea. Inatakiwa 16550, yenye nafasi ya baiti 16. Modemu inayowekwa ndani ya kompyuta huja na chipu yake.

Piga simu baada ya saa 12 jioni au wikiendi, bei ikiwa nafuu, vuta barua zote, kata simu, ndipo usome na kujibu. Na kwenye programu weka mwendo wa poti 57600. Ukiuacha 14400, hata modemu ibane vipi, kompyuta haitapokea zaidi ya hapo.