Taa, honi na geji za boti ya faiba: nyeupe haiwaki pamoja na nyekundu na kijani, honi inafifisha kila kitu

Mwambao65

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu na umeme wa boti. Boti ni ya faiba, mita 6.5, mashine Yamaha HP 60 ya kuwasha kwa ufunguo. Betri ni moja, volti 12, iko tezi (nyuma). Dashibodi iko katikati, mita 4 za waya kutoka betri. Boti inapita Mlango wa Zanzibar na mara nyingi inarudi baada ya magharibi. Waya zote zilivutwa upya mwezi uliopita na sasa hali ni hii:

1. Swichi ya taa ina hatua tatu. Juu, nyekundu na kijani za omo (mbele) zinawaka ila nyeupe haiwaki. Kati, zote zimezimwa. Chini, nyeupe peke yake. Hakuna hatua inayowasha zote tatu.

2. Honi ikibonyezwa, taa zinafifia, sindano za geji zinacheza, na honi yenyewe inakoroma.

3. Geji ya RPM (mizunguko ya mashine kwa dakika) inasoma 2,400 mashine ikiwa kwenye nyutro, imetulia kabisa.

4. Geji ya mafuta inasoma kinyume. Tanki likijaa sindano inalala karibu na E, likiisha inapanda F.

Taa ya nyeupe iko kwenye bomba nyuma ya usukani, chini kidogo ya paa la turubai. Hili ni kosa moja au ni manne?

---

FundiNyaya

Mkuu, ni makosa manne, usitafute mchawi mmoja. Nikufungulie hilo la kwanza maana ndilo linaloweza kuua mtu.

Swichi uliyofungiwa inaonekana ni ya miguu mitatu: mguu wa kati unapokea umeme, mmoja unapeleka taa za omo, wa mwisho unapeleka nyeupe. Swichi ya namna hiyo haiwezi kuwasha zote kwa pamoja, hata uigeuze vipi. Inayotakiwa ni ya miguu sita, yenye safu mbili za mitatu. Unaifunga hivi:

Miguu miwili ya kati unaiunganisha kwa kipande cha waya na kuipa umeme kutoka kwenye fyuzi. Kwenye jozi inayofanya kazi kitasa (kijiti cha kugeuzia swichi) kikiwa juu, mguu mmoja unaupeleka kwenye nyekundu na kijani, wa pili kwenye nyeupe. Kwenye jozi ya kitasa chini, tumia mguu mmoja tu uende nyeupe, mwingine uache wazi. Angalizo: kwenye swichi nyingi za kitasa, kitasa kikiwa juu inayoungana ni miguu ya CHINI. Pima kwa maltimita (kipimo cha umeme) kabla ya kubana, usikisie.

Kama swichi ya miguu sita haipatikani ulipo, weka dayodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya ampea 3, mfano 1N5408, kati ya mguu wa taa za omo na mguu wa nyeupe. Mstari wa fedha uelekee upande wa nyeupe. Kitasa kikiwa juu, umeme unapita kwenye dayodi na nyeupe inawaka pia. Kikiwa chini, dayodi inazuia umeme usirudi kwenye nyekundu na kijani. Inakula kama volti 0.7 hivi, taa ya LED haitajali.

La pili: nahisi waya mweusi wa dashibodi. Weka maltimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (siyo kwenye kibanio), nyingine kwenye kiungo cha waya mweusi nyuma ya dashibodi. Bonyeza honi. Ukisoma zaidi ya 0.3, umepata mwizi wako. Rudia upande wa chanya vilevile. Tuletee namba, na utuambie unene wa waya.

---

Nahodha_Shungi

Nyongeza kuhusu maana ya taa, kwa sababu watu wanadhani ni mapambo.

Kwa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, taa zinawashwa toka jua linapozama mpaka linapochomoza, na mchana pia kama mvua au ukungu umefunga. Boti ya mashine chini ya mita 12 inaruhusiwa kuwa na nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe moja inayoonekana pande zote. Nyekundu na kijani kila moja inaangaza nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu. Zionekane maili 1 ya baharini, na nyeupe maili 2.

Sasa boti yako kitasa kikiwa juu: anayekuja mbele yako anaona nyekundu na kijani bila nyeupe juu yake. Hiyo ni sura ya chombo cha tanga. Atakuhesabu kuwa unakwenda kwa upepo, mwendo mdogo, kumbe una HP 60. Anayetoka nyuma yako haoni kitu kabisa. Na ukiendesha kitasa kikiwa chini, wewe ni boti iliyotia nanga inayotembea! Boti za abiria za mwendo kasi zinapita mlango huo huo.

Kuna msemo wa bandarini kwamba chini ya mita 7 taa moja nyeupe inatosha. Nusu ya kanuni hiyo huwa haisemwi: ni kwa chombo ambacho mwendo wake wa juu kabisa hauzidi noti 7 (maili 7 za baharini kwa saa). Boti ya mita 6.5 yenye HP 60 inapita hapo hata ikiwa na mzigo, kwa hiyo msamaha huo haukuhusu.

Halafu hiyo nyeupe chini ya turubai haifai. Kanuni inataka iwe angalau mita 1 juu ya nyekundu na kijani, na nguzo za paa na vichwa vya abiria visiikate. Pandisha bomba litoke juu ya paa. Faida ya pili, haitakuwa inakupiga machoni. Nahodha mwenye nyeupe usawa wa uso haoni hata boya.

---

Mwambao65

Shukrani wakuu. Nimepima.

Swichi ni ya miguu mitatu kweli. Honi ikibonyezwa, upande hasi unasoma 1.3, upande chanya 0.5. Waya ni wa milimita za mraba 0.75, ule wa spika. Honi imeandikwa 5A. Nyuma ya geji ya RPM kuna kidude cha kuzungusha kwa bisibisi, kimekaa 4P. Geji ya mafuta imeandikwa 10-180. Chombo cha ndani ya tanki sijajua, ila tanki sasa karibu tupu na kinasoma ohm 236.

---

FundiNyaya

Namba hizo zinajieleza.

Mita 4 za shaba ya 0.75 zina kama ohm 0.09. Ampea 5 zikipita hapo unapoteza karibu volti 0.5. Ndivyo ulivyosoma upande wa chanya, kwa hiyo huko viungo ni vizima, waya ni mwembamba tu. Upande hasi umesoma 1.3. Hiyo 0.8 ya ziada iko kwenye kiungo kilichooza. Fuata waya mweusi kipande kwa kipande, honi ikiwa imebonyezwa, mpaka uone namba inaruka. Mara nyingi ni pale waya zilipofungwa kwa mkono na solotepu, jirani na ngama (chini kabisa ya boti, maji yanapokusanyika). Ukikata hapo utakuta unga wa kijani na shaba nyeusi. Ikiwa nyeusi inaendelea ndani ya plastiki, usikwangue, tupa waya wote.

Ndiyo maana geji zinacheza pia. Zinatumia waya mweusi huohuo kama rejea yao. Honi ikiinua hasi kwa 1.3, geji zinadanganyika.

Funga hivi: waya mkuu wa milimita za mraba 6, mwekundu na mweusi, kutoka betri mpaka dashibodi. Fyuzi kuu 20A iwe ndani ya sentimita 18 kutoka nguzo chanya. Dashibodini weka kisanduku cha fyuzi na ukanda wa kuunganishia hasi. Taa: waya 1.5, fyuzi 5A. Honi: waya 2.5, fyuzi 10A. Geji: waya 1.5, fyuzi 3A. Pampu ya ngama usiipitishe dashibodini tu. Ipe waya wake moja kwa moja toka betri na fyuzi yake, ili ifue maji hata swichi kuu ikiwa imezimwa.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, ikiwezekana zilizopakwa bati. Ule wa nyumba wa uzi mmoja mnene utakatika kwa mtetemo. Viungo vyote ulehemu kwa risasi, ufunge mpira.

---

Kisiki_Mvuli

Fundi, nakubaliana na yote isipokuwa kulehemu. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya mgumu kama kijiti sentimita moja kupita kiungo, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapoukata. Bana kwa koleo lenyewe la kubania, tumia vichwa vya shaba vilivyopakwa bati, kisha mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Vuta kwa nguvu ukimaliza. Kikichomoka mkononi, kingechomoka baharini.

Geji ya RPM: haihesabu mizunguko yenyewe, inahesabu mapigo ya umeme kutoka kwenye koili za kuchaji. 4P inaamini mapigo 2 ni mzunguko mmoja. Mashine yenye sumaku za ncha 12 inatoa mapigo 6. Sita kwa mbili, geji inazidisha mara tatu: 2,400 yako ni 800. Zima ufunguo, bonyeza kidogo hicho kidude kwa bisibisi na ukipeleke 12P. Kama kimekaa muda mrefu, kizungushe huku na huku mara tano sita kwanza, kutu ikwanguke. Kwenye waya za Yamaha, kijani ni ishara ya RPM, manjano ni umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, nyeusi ni hasi.

Usiidharau hiyo geji. Boti ikiwa na mzigo wako wa kawaida, fungua mafuta mpaka mwisho uone kama RPM inaingia kati ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ikibaki chini, pichi ya propela (inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ni kubwa mno. Ikipita juu, ni ndogo mno. Inchi moja ya pichi inabadilisha kama RPM 150 hadi 200.

Mafuta: 236 tanki likiwa karibu tupu maana yake chombo cha tanki ni cha Kimarekani, 240 tupu na 33 likijaa. Geji yako ni ya Ulaya, 10 tupu na 180 likijaa. Ndiyo maana kila kimoja kinasema kinyume cha mwenzake. Hakuna kubadilisha waya kutakakosaidia. Nunua geji iliyoandikwa 240-33, ni rahisi kuliko kufungua tanki. Ukishaifunga, ijaribu kwa nyuma ya dashibodi: chomoa waya wa chombo, sindano iende E. Gusisha mguu wa geji ulipochomoa waya huo kwenye hasi, iende F. Usifanye jaribio hilo kwenye tanki. Cheche na mvuke wa petroli havijuani.

---

FundiNyaya

Nimekubali hoja ya risasi, mkuu. Kwa boti, kubana.

Honi: ukishamaliza waya na bado inakoroma, kuna skrubu ndogo nyuma. Igeuze robo mzunguko kwa wakati mmoja, upande mmoja kisha mwingine, mpaka sauti ifunguke. Domo lake lielekee mbele na lishuke kidogo ili maji yatoke. Wanaolielekeza juu wanalifanya kikombe cha chumvi.

---

Nahodha_Shungi

Na chini ya mita 12 si lazima uwe na honi ya umeme, lakini lazima uwe na kitu chenye sauti ya kutosha. Weka filimbi au honi ya kopo la gesi karibu na usukani, betri ikilala.

Mlio mfupi ni sekunde moja hivi. Mmoja: nageukia kulia. Miwili: kushoto. Mitatu: mashine imewekwa rivasi. Mitano ya haraka au zaidi: sikuelewi unafanya nini. Mvua ikifunga huoni mbele, mlio mrefu wa sekunde 4 hadi 6, usipitishe dakika 2 bila kuurudia. Ukiwa umesimama bila kutia nanga, iwe miwili mirefu.

Kabla ya kuondoka jioni: washa swichi kuu, kitasa juu, shuka uzunguke boti uone taa zote tatu kwa macho yako. Dashibodi yenye kitaa cha kijani inakuambia swichi imewaka, haikuambii taa imewaka. Ufunguo ukiwa umewashwa mashine haijaanza, geji ya volti isome karibu 12.6. Ikisoma 12.2 betri iko nusu. Mashine ikiwaka na ukiongeza RPM kidogo, ipande 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12 na kitu haichaji, na taa, honi na redio vyote vinakula akiba. Tazama pia maji ya kupoza yanatoka kwenye tundu lake, geji yoyote isikufanye uache kuyatazama.

---

Mwambao65

Kiungo kimepatikana, kilikuwa chini ya ubao wa tezi, kimefungwa solotepu kama alivyosema fundi. Waya wa 6 nimeupata. Swali la mwisho: taa za omo ni za balbu ya wati 10. Nikitoa balbu nikaweka LED nyeupe humo humo nitaharibu?

---

Kisiki_Mvuli

Utaharibu rangi. Kioo chake kimetengenezewa mwanga wa balbu. LED nyeupe ina bluu nyingi, kijani kitageuka samawati na nyekundu itafifia. Weka LED nyekundu nyuma ya kioo chekundu na ya kijani nyuma ya cha kijani. Bora zaidi nunua taa nzima ya LED iliyoandikwa umbali wake wa kuonekana: maili 1 kwa za rangi, maili 2 kwa nyeupe. Ukishafunga, weka redio ya VHF chaneli 16, washa na uzime taa. Redio ikianza kuvuma taa zikiwaka, LED hizo ni za bei rahisi kupita kiasi, zirudishe dukani.