Stika za chunusi na sanskrini mchana, kipi kinatangulia? Jua la huku linaniachia madoa

Karani_Nanyamba
Habari za jioni wandugu, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya ngozi. Nina miaka 26, uso wangu wa mafuta, chunusi zinanitoka kidevuni na mashavuni hasa nikikaribia siku zangu. Chunusi yenyewe sio kesi, siku nne tano imekauka, shida ni doa. Ikiondoka inaniachia doa jeusi linakaa miezi, hapa shavu la kushoto nina moja tangu Ramadhani na mpaka leo lipo.

Sasa dada yangu wa Dar kanitumia zile stika za chunusi, vile viduara laini vinavyoonyesha ngozi. Usiku nazipenda mno, nabandika nikilala, asubuhi nabandua nakuta katikati imekuwa nyeupe imevimba na chunusi imelala. Ila mimi usiku sijishiki usoni, najishika mchana! Ni karani wa chama cha msingi, msimu huu wa korosho mzani tumeuweka nje chini ya mwembe, saa mbili asubuhi foleni ya magunia ishaanza, kufika saa nne kivuli kimehama, mkono wa kulia unaandika kilo na wa kushoto unaenda wenyewe kidevuni. Na mikono ina vumbi la magunia siku nzima.

Nikaona bora nibandike na mchana. Jumatatu nikapaka sanskrini (ile krimu ya kukinga jua) uso mzima halafu stika juu yake, haijafika saa tatu imeteleza iko shingoni. Jumanne nikageuza, stika kwanza halafu sanskrini juu nikasugua kama navyosugua siku zote, pembeni ikaanza kuviringika kama makombo ya ufutio, vumbi likanasa, mchana nina duara jekundu la udongo kidevuni mbele ya wakulima wote wale.

Naomba kujua kipi kinatangulia. Na ile stika yenyewe inazuia jua au pale chini naungua tu? Na nikiibandua mchana nifanye nini? Halafu mama mdogo kaniambia niachane na hivi vyote nipake salfa ya mikorosho eti inakausha chunusi, sijapaka, nimeona niulize kwanza.

Mama_Swaumu_Chuno
Pole mwanangu. Salfa ya mikorosho USIPAKE. Mwingine atakueleza vizuri zaidi ila mimi nilishamuona binti wa jirani aliyepaka, uso uliwasha ukamenyuka wiki mbili.

Stika inatangulia. Uso uwe mkavu kabisa, usiwe umepaka chochote hata mafuta ya nazi. Mimi mwanangu wa sekondari namwambia abandike akiwa hajajipaka kitu, akae apige mswaki na kuvaa sare, ndo aje kupaka vingine. Inakaa mpaka anarudi.

Dawa_Lindi
Karani shikamoo ya kazi, nyie makarani wa msimu huu mnapigwa jua kweli. Mimi nipo duka la dawa huku Lindi, ngoja niandike kirefu maana hili naulizwa karibu kila wiki.

Hizo stika zimetengenezwa kwa haidrokoloidi, kitu kile kile kinachotumika hospitali kufunika vidonda. Kazi yake kunywa majimaji, ikinywa inageuka kama jeli, ndo ule weupe unaouona asubuhi. Sasa ili inywe lazima iguse ngozi yenyewe, ukiweka sanskrini katikati inakuwa inashika mafuta badala ya kushika ngozi, ndo maana ya Jumatatu ikateleza. Kwa hiyo osha uso, kausha kwa kugusagusa na taulo, subiri dakika chache jasho la kuoga liishe (watu wengi wanakosea hapa, kwa joto letu ukitoka bafuni bado unatoka jasho), bandika, halafu ikandamize na kidole kama nusu dakika ipate joto la mwili ishike. Baada ya hapo sanskrini sehemu zote zilizobaki. Ukifika pembeni ya stika usisugue, gongagonga na ncha ya kidole mpaka ukingoni. Ukisugua ndo unainua ukingo na yale makombo ya Jumanne yanakuja.

Je inazuia jua? Chukulia kwamba haizuii. Inaweza kupunguza kidogo lakini nyingi hazijapimwa kama kinga ya jua na pakiti haikuahidi hivyo, labda uwe na ambayo imeandikwa wazi. Gonga sanskrini kidogo na juu yake, na uvae kofia.

Umuhimu wa yote haya ni lile doa. Chunusi ni uvimbe, na ngozi nyeusi ikivimba inamwaga rangi pale, jua likiipiga inamwaga zaidi na doa linachelewa kutoka. Wanaosema mtu mweusi haitaji sanskrini wanafikiria kuungua tu, hili la madoa hawalifikirii. Halafu angalia tulipo, sisi tupo kama digrii 10 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini kabisa mwezi wa kumi na tena mwezi wa pili, saa sita kivuli chako unakikanyaga, na huo wa kumi ndo korosho zinashika kasi. Tafuta SPF 30 kwenda juu, hiyo SPF ni kipimo cha kinga ya jua kilichoandikwa kwenye pakiti. 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na 50 kama 98, kwa hiyo usijiumize kutafuta ya bei ya juu sana, tafuta utakayoweza kuirudia. Ukipata yenye rangi ya ngozi, zile zenye oksaidi ya chuma, kwa madoa ni nzuri zaidi maana zinakinga na mwanga wa kawaida ambao nao unakoleza doa kwa ngozi zetu.

Salfa: ni kweli ipo kwenye baadhi ya dawa za chunusi, mama mdogo hajatunga. Ila ya dukani imepimwa kiasi chake na kuchanganywa kwa ajili ya ngozi, ya mikorosho ni ya kuulia ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, shambani. Mwambie kwa heshima.

Na stika inafaa chunusi iliyotoa kichwa. Zile za ndani zinazouma kama jipu changa haitazifikia, hizo daktari.

Kaka_Mikindani
Naongezea kwenye sanskrini tu. Mdogo wangu wa kike ana ualbino kwa hiyo kwetu hiki kitu tunaishi nacho toka yupo mdogo, alikuwa anapata ile ya Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kitu nilichojifunza, watu wanapaka kidogo mno. Ichore mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, hiyo ndo ya uso na shingo. Mwanzo utaona nyingi. Na ukiwa nje inarudiwa kila baada ya saa mbili, na ukijifuta jasho ndo hujapaka kitu tena. Masikio usiyasahau.

Na kofia ya ukindu pana, sokoni zipo, kapelo inaacha mashavu yote nje na we madoa yako yapo mashavuni. Ila dada yangu, hamisheni huo mzani. Kivuli kikihama na mzani uhame.

Karani_Nanyamba
Asanteni sana jamani mpaka nimefarijika. Mama Swaumu salfa sipaki tena hata kwa dawa. Kaka nimeongea na mwenyekiti tutafunga turubai, mzani wenyewe hauhamishiki kirahisi.

Dawa_Lindi naomba nikuulize, hujanijibu ya kubandua mchana. Na kuna kitu sikusema mwanzo, nilipewa doksi (doksisaiklini) za chunusi, kidonge kimoja kila siku, nina wiki ya tatu. Haina shida na hizi stika?

Dawa_Lindi
Umefanya vizuri kulisema hilo. Stika haina shida na doksi, jua ndo lina shida na doksi. Doksisaiklini inafanya ngozi iungue na jua haraka kuliko kawaida, hata sisi weusi, na we unakaa nje siku nzima. Usiiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia umwambie kazi yako ni ya juani, anaweza kukubadilishia. Mpaka hapo mikono mirefu, kofia, turubai. Ukianza kuona uso unawaka au mikono inababuka usisubiri, nenda siku hiyo hiyo. Na kama unahisi una ujauzito mwambie pia, hiyo dawa haiendi na mimba. Unywe na maji mengi, usilale hapo hapo.

Kubandua: ikishakuwa nyeupe mpaka karibu na ukingo au imeingia vumbi, toa. Nawa mikono kwanza. Anza pembeni taratibu, ikigoma loweka na maji. Pale chini panakuwa laini, na hapana sanskrini hata chembe, uso mzima umekingwa isipokuwa kile kiduara, na ndo pale pale doa linapotaka kukaa. Kwa hiyo futa, kausha, paka sanskrini pale au bandika mpya. Usipaache wazi hata kama imebaki saa moja urudi nyumbani. Na chini ya stika usiweke dawa kali ya chunusi, ikifunikwa inachoma.

Mama_Swaumu_Chuno
Na mkorogo wa kutoa hilo doa la Ramadhani usije ukauziwa mwanangu, najua watakuja kukushawishi. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchi hii na bado mitaani zipo.

Karani_Nanyamba
Narudi kuwapa mrejesho baada ya siku tisa. Doksi nimerudi hospitali, nimebadilishiwa ya kupaka usiku. Stika naweka saa kumi na mbili asubuhi kabla sijawasha jiko, saa moja na nusu ndo napaka sanskrini, inakaa mpaka mapumziko ya saa saba. Nanawa kwa maji ya chupa, nabandika nyingine, napaka tena. Turubai limefungwa na wakulima wanaosubiri zamu nao wanakaa humo humo.

Hii chunusi ya juzi ya kidevuni imekauka, nimeangalia asubuhi mlangoni kwenye mwanga, imebaki alama ya kahawia ndogo kama mbegu ya ufuta. Lile la shavuni bado lipo.

Dawa_Lindi
La shavuni lipe miezi, endelea kulikinga tu. Hilo la ufuta lisiguswe.