MJADALA: Rivolva iliyochakaa ing'arishwe upya au iachwe ilivyo?

Mleta mada:
Wakuu, naongelea rivolva (bastola za silinda inayozunguka) za Marekani, hasa Smith & Wesson Model 10 na Colt za kabla ya Vita vya Pili. Msimamo wangu: kama bluu ya kiwandani (rangi ya bluu-nyeusi ambayo chuma hupewa kwa kemikali ili kupunguza kutu) imebaki hata nusu, usipeleke kwa fundi. Ikishasuguliwa hairudi. Na uharibifu mwingi hautokei kwenye tangi la rangi, unatokea kabla, kwenye gurudumu la kung'arishia. Kitambaa laini kinakula kingo, kinatanua midomo ya matundu ya skrubu hadi yanakuwa kama visahani, na maandishi ya kiwandani kwenye mtutu yanafifia.

Msasa400:
Kuhusu gurudumu nakubali, hitimisho nalikataa. Fundi bunduki anayejua kazi anatumia faili, halafu msasa uliozungushiwa kipande bapa cha mbao: namba 220, 320, 400, na 600 kwa anayetaka king'ae kama kioo. Kifuniko cha ubavuni mwa fremu (kiwiliwili cha silaha) kinakuwa kimefungwa mahali pake wakati wa kusugua, la sivyo kingo zinalala na mshono unajianika. (Kukitoa, usikichokonoe kwa bisibisi. Fungua skrubu, gonga fremu upande wa mpini kwa kijiti cha mbao, kitainuka chenyewe.)

Ndipo tangi la kutia bluu: kostiki soda na naitreti ya sodiamu ndani ya maji, ikichemka kwenye nyuzi 140 hadi 146 za Selsiasi, dakika 15 mpaka 30. Joto likizidi, bluu inageuka nyekundu-kahawia. Kosa lingine ni suuza ya haraka. Chumvi inajificha kwenye hesi, pale mtutu unapoingia kwenye fremu, na baada ya muda inatoka kama unga mweupe. Dawa yake ni kuchemsha tena kwenye maji safi, kisha kuzamisha kwenye mafuta yanayofukuza maji.

FremuNyepesi:
Msasa, hapo umesahau jambo. Colt Cobra za zamani na Smith & Wesson Airweight zina fremu ya alumini, na kostiki inaila alumini. Ukizamisha humo unatoa fremu iliyotafunwa. Chuma cha pua nacho hakishiki bluu hiyo. Na wale wanaoshauri kupaka nikeli (madini meupe yanayong'aa) badala ya bluu ili kuficha vishimo vya kutu: nikeli haijazi shimo, inafuata umbo lake, na kwa mng'ao wake kila shimo linaonekana zaidi.

Mleta mada:
Mkuu, basi unanipa hoja. Ili shimo liishe lazima ushushe chuma kizima kinacholizunguka. Likiwa karibu na namba ya silaha je? Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuiondoa au kuiharibu namba hiyo, na kumiliki silaha iliyofutwa namba huku ukijua ni kosa pia. Shimo la hapo liachwe.

Msasa400:
Liachwe, sawa. Lakini tatizo la soko ni muuzaji anayenyamaza, si kazi yenyewe. Smith & Wesson iliyorudi kiwandani mara nyingi ina nyota ndogo karibu na namba, na mwezi na mwaka wa kazi vimegongwa kwenye fremu chini ya vibao vya mpini, upande wa kushoto. Fungua vibao utazame. Tazama pia nyundo na kifyatulio cha Model 10: kiwandani vina rangi za mawimbi zinazotokana na kugumishwa. Vikiwa bluu kama fremu, imepita mikononi mwa mtu.

FremuNyepesi:
Kwa Model 10 ya polisi iliyobaki kijivu mtutu hadi mpini, sioni cha kulilia, ing'arishwe. Ila kabla ya kulipa muulize fundi kama nyundo na kifyatulio vitabaki nje ya tangi. Akisema anatumbukiza vyote pamoja, beba silaha yako uondoke.