Eko ya moyo: mama ajiandae vipi?

Mwali wa Urambo: Habarini wakuu. Mama ana presha, ameandikiwa ultrasound ya moyo Tabora mjini. Afunge kula? Inauma?

Fundi Eko: Pole na mama, dada. Eko ya kifuani, yaani hiyo ultrasound ya moyo inayopimwa juu ya kifua, haina kufunga. Ale, ameze dawa zake za presha kama kawaida. Avae blauzi ya vifungo mbele na abebe kanga. Asijipake mafuta kifuani, vibandiko vya kupima umeme wa moyo havitashika. Atalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa: hapo moyo husogea karibu na mbavu. Jeli ni ya baridi, kifaa kinakandamizwa kati ya mbavu. Kero, si maumivu. Akiambiwa atoe pumzi na aibane, afanye hivyo, maana hewa ya mapafu huziba picha. Ni dakika 30 hadi 60.

Mwali wa Urambo: Asante kaka. Majibu nisomeje?

Nesi wa Kigoma: Tazama EF, nguvu ya moyo kusukuma damu. Asilimia 55 hadi 70 ni kawaida. Haitakiwi kufika 100. Ila eko nzuri haithibitishi kwamba mishipa ya moyo haijaziba. Kifua kikimbana, arudi hospitali haraka.