Mjadala: Projekti ya mtoto ikifanywa na mzazi, maksi ni za nani?

Wazazi wenzangu na walimu mliomo humu, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Hizi projekti za kutengenezea nyumbani, maonyesho ya jukwaani na kempu za shule, ziendelee au zifutwe watoto wasome tu? Maana kila muhula ukianza ugomvi ni uleule, huku wanasema shule zinatusumbua na kutugeuza sisi wanafunzi, kule wanasema mzazi asiyetaka kukaa na mwanae jioni moja kukata maboksi huyo hana mapenzi na mtoto. Mi siko na hao wala hawa. Vitu hivi vitatu ni vya muhimu sana, tena ni kati ya mambo machache ya shule ambayo mtoto atayakumbuka akishakuwa mtu mzima, ila kwa sasa kazi ya mtoto imehamia mikononi na mfukoni mwa mzazi, na hapo ndo panapoharibika. Irudi shuleni.

Nianze na projekti maana ndo zinazouma zaidi. Siku ya kuonyesha kazi za watoto pita meza kwa meza uangalie. Kuna meza utakuta volkano imesimama kama imetoka kiwandani, rangi imepigwa tabaka kwa tabaka, maandishi yamechapwa kwa kompyuta, ukimuuliza mwenye nayo "hii povu linatokaje?" anageuka kumtazama mama yake. Meza ya pembeni kuna kidude kimeegemea ukuta ndo kisianguke, gundi imetiririka mpaka chini, herufi imekosewa ikafutwa na kidole chenye mate, lakini mtoto mwenyewe anakwambia siki ikikutana na magadi inatoka gesi, gesi inatafuta njia ndo inasukuma povu juu, na ya kwanza iligoma kwa sababu magadi yalikuwa kidogo. Huyu wa pili ndo amefanya projekti. Halafu angalia maksi zimekwenda kwa nani. Na msidhani watoto hawaoni, wanaona vizuri sana, yule aliyehangaika mwenyewe anarudi nyumbani akijua kwamba mwakani ni bora amwombe mtu mzima, na yule wa volkano ya kiwandani anajua kabisa kwamba ile sifa si yake.

Kuna mzazi mwenzangu tulibishana sana juu ya hili, yeye anasema projekti za nyumbani zinaleta ukaribu, mzazi na mtoto wanakaa pamoja wanaongea. Sikatai, inatokea, na ikitokea ni jambo zuri kweli. Lakini tofauti ya kusaidia na kunyang'anya ni ndogo mno, mtazame tu mkasi uko mkononi mwa nani. Kumshikia rula ni kusaidia. Kumwambia "lete hapa utaharibu" si kusaidia. Na ile taarifa ya mtoto inakuja saa tatu usiku, kesho asubuhi inatakiwa, sasa ukaribu gani unajengwa saa tatu usiku mtoto anasinzia na mzazi amekasirika?

Halafu tuwafikirie na ambao hawana hiyo bahati. Kuna mzazi anafanya kazi zamu ya usiku. Kuna mtoto analelewa na bibi ambaye yale maelekezo hawezi kuyasoma. Kuna nyumba hakuna manila, hakuna gundi ya moto, hakuna printa, na mkubwa wa hapo nyumbani ana mambo mengine ya kuwaza. Mwalimu akikaa kusahihisha projekti za nyumbani, kwa kiasi kikubwa anasahihisha nyumba za watoto, nani ana hela na nani ana mtu mzima mwenye nafasi, kisha anaandika maksi kwenye jina la mtoto. Hilo mi naliita uonevu hata kama hakuna aliyekusudia kuonea.

Na hata walioianzisha hii njia hawakuwa na nia hiyo. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, watoto wakawa wanapika, wanafuma, wanafanya useremala, yote hayo hapohapo shuleni, mchana, walimu wakiwepo. Baadaye William Heard Kilpatrick, mwalimu wa Teachers College, chuo cha ualimu kule New York, akaandika mwaka 1918 ile makala iliyofanya projekti zijulikane duniani, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba lengo la kazi liwe la mtoto mwenyewe, afanye kwa moyo wake wote kitu anachokitaka. Sasa niambieni, mtoto aliyekaa kitini anamwangalia baba yake anabandika sayari, lengo ni la nani hapo?

Kwa hiyo mi napendekeza hivi. Projekti ipewe vipindi vyake darasani, hata kama ni vichache, shule iweke maboksi, chupa tupu, mabaki ya vitambaa na karatasi zilizotumika upande mmoja, kila mtoto achote hapo. Awe na daftari anaandika alichojaribu na kilichogoma, maana pale palipogoma ndo amejifunza. Na maksi nyingi ziende kwenye kueleza. Msimamishe mbele ya kazi yake, muulize maswali matatu tu, utajua kila kitu. Walimu watasema muda hautoshi, silabasi ndefu. Naelewa, tena darasa likiwa limejaa ni kazi ngumu mno. Basi ifanywe projekti moja kwa mwaka badala ya tano, lakini iwe ya kweli.

Maonyesho ya jukwaani nitayapita haraka kidogo maana hapo sina ugomvi mkubwa. Kuna watu wanasema nyimbo na maigizo ni kupoteza muda, nawapinga waziwazi. Mtoto anayegugumia akiimba mara nyingi kigugumizi kinapotea kabisa, wataalamu wa usemi wanalijua hilo, na ukishamwona mtoto ambaye darasani hata kujibu "nipo" ni shida, halafu kwenye kwaya sauti inatoka nzima, huwezi tena kuniambia ni kupoteza muda. Ninachokilalamikia ni kwamba waigizaji wakuu ni walewale kila mwaka, wale wenye sauti kubwa na wazazi wanaojulikana, wengine wote wanasimama nyuma kuwa miti. Zungusheni majukumu jamani. Na yule ambaye kweli hataki kupanda jukwaani asilazimishwe, apewe pazia, taa, ngoma, aandike maneno ya igizo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kushiriki sanaa na utamaduni, kifungu cha 31, lakini kifungu cha 12 cha mkataba huohuo kinasema asikilizwe kwa mambo yanayomhusu. Tukishika kimoja tushike na kingine. Mavazi nayo, kuagiza nguo mpya za kuvaliwa dakika kumi ni kuwaumiza watu, shule iwe na kabati la mavazi, mwaka huu huyu mwakani mwingine.

Sasa kempu. Hapa wazazi wengi ndo wanaogopa, na hofu yao si ya kijinga. Unamkabidhi mtoto kwa watu wengine usiku mzima, una haki ya kuuliza nani analala karibu na watoto, wasichana na wavulana wanatenganishwaje, kuna maji wapi, nani anajua huduma ya kwanza, usafiri ukoje. Shule isiyoweza kujibu hayo kwa maandishi isichukue mtoto wa mtu. Hapo sina mjadala.

Ila shule ikiyajibu vizuri, naomba muwaachie waende. Usiku wa kwanza nje ya nyumbani unamfunza mtoto vitu ambavyo mimi mzazi siwezi kumfundisha nikiwa pembeni yake, kutafuta soksi yake mwenyewe gizani na tochi, kugundua kwamba amekunja shuka vibaya na baridi inaingia, kumvumilia mwenzake anayekoroma, kulia kidogo halafu kunyamaza bila mama. Na kuna kundi linalosahaulika kabisa, watoto ambao bado wanakojoa kitandani. Wapo wengi kuliko tunavyosema, wengine wana hata miaka kumi, wala si uvivu wala ukorofi, mwili tu bado haujakomaa upande huo. Hao ndo wanaosema ghafla asubuhi ya safari kwamba tumbo linauma. Mwalimu mwenye akili anampigia mzazi kabla, wanapanga kimyakimya, anamwamsha mtoto usiku aende chooni, ana nguo za akiba kwenye begi lake yeye mwalimu, na hakuna mtoto mwingine anayejua. Hiyo ndo kempu inayojali watoto.

Na gharama. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza, alipofanya ile kempu ya kwanza iliyozaa skauti, kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, alichukua vijana kama 20, wengine wa shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, akawachanganya makundi. Wa matajiri walilipa pauni moja, wale wengine shilingi tatu na nusu, na pauni ya enzi hizo ilikuwa na shilingi 20. Yaani zaidi ya miaka 100 iliyopita mtu alishaona kwamba watoto wanaweza kulala hema moja bila wazazi wao kulipa sawasawa. Leo tunatumiwa karatasi ya bei moja kwa wote na mstari chini unasema asiyelipa atabaki darasani. Mnajua kubaki darasani kulivyo? Wanakusanywa wale wachache kutoka madarasa tofauti, wanapewa maswali ya kupitisha muda, na wenzao wakirudi wiki nzima ni hadithi za kempu na wao hawana la kuchangia. Kifungu cha 28 cha ule Mkataba wa Haki za Mtoto kinataka elimu ya msingi iwe bure kwa wote, sasa kama kempu ni sehemu ya masomo basi asiachwe mtu kwa ajili ya hela, na kama si sehemu ya masomo basi isiwekewe maksi wala isifanyike siku ya masomo.

Wanaotaka vifutwe vyote nawaomba mjibu hili, hayo masaa mtawapa nini watoto badala yake? Na walimu, nyie ndo mnaojua ndani kukoje, ni nini hasa kinachozuia projekti zisifanyike darasani, ni muda, ni vifaa, ni wingi wa watoto, au ni maagizo kutoka juu? Semeni wazi tujue tumbane nani.