Nafunga ofisi ya uchapaji, wafanyakazi hawajui. Niwaambieje?

Mchapaji_Mkimya:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa haraka, matusi wekeni akiba.

Nina ofisi ndogo ya uchapaji, huu mwaka wa 11. Kadi, kalenda, mabango, vitabu vya risiti. Wafanyakazi 8. Biashara imekufa, sitaki kuzunguka. Vitabu vya risiti ndivyo vilivyokuwa vinatuweka mjini, na sasa kila mtu anatoa risiti kwa simu. Nimeshaamua kufunga.

Kinachonitesa ni kuwaambia. Kila asubuhi natoka nyumbani nimejipanga, maneno yote ninayo. Nikifika namkuta kijana wa mashine ya kukata ameshaifuta, kisu kinang'aa, ananiuliza, "Bosi, leo tunaanza na ipi?" Namtajia kazi, naingia ofisini, najifungia.

Niwaite wote kwa pamoja au mmoja mmoja? Nianze na neno gani? Naomba kuwasilisha.

SinaPresha:
Nipo pale nimekaa, wataalamu waje.

Mama Wawili:
Pole kaka. Chochote utakachofanya, usitumie meseji. Mimi niliambiwa kwa meseji saa nne usiku: "Kesho msije, ofisi imefungwa, Mungu awabariki." Nilikuwa nimeacha mwavuli na viatu vyangu vya kazini chini ya meza. Kwenda kesho yake, kufuli. Miaka sita sasa. Mshahara wa mwisho nilishausahau, lakini vile viatu vinaniuma mpaka leo, vilikuwa vipya.

Jongoo wa Mvua:
Vijana wa siku hizi mnakimbilia kufunga. Umejaribu kuchapa fulana? Vikombe? Biashara ni uvumilivu. Mimi nilianza na meza moja na kiti cha kuazima, leo nina

Jongoo wa Mvua:
Samahani, imejituma kabla sijamaliza. Leo nina matawi mawili. Usifunge.

Mchapaji_Mkimya:
Mzee wangu, mashine ya fulana ninayo, imefunikwa turubai nyuma ya rimu za karatasi. Niliyapita yote hayo. Nimeuliza namna ya kuwaambia tu.

Kalamu Nyekundu:
Mleta mada, nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi, nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo zaidi ya ninavyotaka kukumbuka. Kabla ya maneno: unafunga lini?

Mchapaji_Mkimya:
Hivi karibuni.

Kalamu Nyekundu:
"Hivi karibuni" haimo kwenye kalenda, na kalenda unachapa wewe.

Mchapaji_Mkimya:
Mwisho wa mwezi huu.

Fundi Mita:
Leo tarehe 17!!

Mchapaji_Mkimya:
Najua. Nisikilizeni kwanza kabla ya kunihukumu. Kuna oda moja kubwa, daftari 6,000, mteja analipa akishapokea mzigo tarehe 29. Hiyo hela ndiyo mishahara ya mwisho ya watu tisa. Nikiwaambia leo, kesho nusu hawaji. Oda ikikwama, hakuna anayelipwa, hata yule aliyebaki. Kwa hiyo nilikuwa nafikiria niwaambie tarehe 30 jioni, bahasha mkononi, tuagane vizuri. Nawaficha kwa faida yao wenyewe.

Fundi Mita:
"Kwa faida yao wenyewe." Mkuu, bosi wangu wa zamani aliisema hiyo akiwa anaegesha gari jipya.

Mchapaji_Mkimya:
Mimi sina gari.

Kalamu Nyekundu:
Hofu yako naielewa, si ya kijinga. Lakini ndani ya hizo siku 13 mtu mmoja atalipa kodi ya miezi mitatu mbele, mwingine atakopa, wa tatu ataitwa kwenye kazi nyingine na kukataa kwa sababu anaamini ana kazi. Hayo ndiyo unayowanyang'anya. Bahasha ya tarehe 30 haiyarudishi.

Halafu kuna sheria. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi anayeachishwa apewe taarifa mapema kwa muda unaofaa, au alipwe fidia badala yake, isipokuwa kama ana kosa kubwa. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya kwako na mikataba uliyosainiana nao. Ukiwaambia siku ya mwisho, huenda unajiongezea deni la notisi juu ya mishahara. Hilo umelipigia hesabu?

Mchapaji_Mkimya:
La notisi sijalipigia.

Kalamu Nyekundu:
Likizo ambazo hawajachukua? Kiinua mgongo? Makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii yapo sawa?

SinaPresha:
Saa ya tatu hii mleta mada haonekani. Swali la mwisho limemkaba.

Mama Wawili:
Muache, labda anahudumia mteja.

SinaPresha:
Mteja gani, si kasema biashara imekufa?

Mchapaji_Mkimya:
Nimerudi. Makato nimekata kila mwezi. Kupeleka, sijapeleka miezi 7. Sikuila mimi hiyo hela wakuu. Ilienda kwenye wino na pango. Kila mwezi nilisema mwezi ujao nafidia. Nisingefanya hivyo ningefunga tangu mwaka jana, na wao wangekosa kazi tangu mwaka jana. Yupi angenishukuru?

Fundi Mita:
Ahaa. Kumbe ulichokuwa unaogopa kuwaambia ni hiki. Kufunga ni kifuniko tu, chungu chenyewe ndiyo hiki.

Jongoo wa Mvua:
Hela ya mtu ni hela ya mtu. Ulikopa kwa watu 8 bila kuwauliza. Nakubali sasa, funga.

Kalamu Nyekundu:
Sitakupiga, umeshapigwa. Nenda kwenye mfuko wewe mwenyewe kabla hawajaja wao. Uliza kama wanapokea malipo kwa awamu na utoke na kitu cha maandishi. Kikaoni litaje kwa mdomo wako, usisubiri mtu agundue anapofuatilia michango yake. Ukifilisika kabisa, mkataba namba 95 wa Shirika lile lile la Kazi, wa mwaka 1949, unataka mshahara uhesabiwe deni la kipaumbele, kwa hiyo usije ukamlipa muuza karatasi kwanza kwa sababu ana sauti kubwa.

Ngojangoja:
Samahani naingia kwa nyuma. Nyie mnatoa vifungu na namba, mmesoma kweli? Mwanzo kasema wafanyakazi 8. Akaja na "mishahara ya watu tisa". Mwaka jana kulikuwa na uzi humu wa saluni inafungwa, naye bosi anajifungia ofisini kila asubuhi. Hii chai wakuu. Tena ya moto.

SinaPresha:
Daah. Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia yule kijana wa kisu.

Fundi Mita:
Nami nimeona. Mtu anayeshindwa kuhesabu watu wake mwenyewe, ama hana watu, ama hao watu ni wa kutunga.

Mama Wawili:
Hata kama ni chai, mimi nina mgahawa na wasichana watatu, na mambo si mazuri. Majibu ya Kalamu nimeyanakili. Msiufunge uzi.

Ngojangoja:
Aweke picha ya mashine.

Kalamu Nyekundu:
Asiweke picha yoyote. Mfanyakazi wake mmoja akipita humu, kikao kimeishafanyika.

Mchapaji_Mkimya:
Wa tisa ni mdogo wangu. Anapeleka mizigo na kufuatilia madeni kwa wateja. Sikumhesabu kwa kuwa hajawahi kulipwa tarehe moja na wengine, tunaelewana kindugu. Uzi wa saluni siujui.

Fundi Mita:
"Tunaelewana kindugu" maana yake humlipi. Yeye anajua unafunga?

Mchapaji_Mkimya:
Anajua. Nilimwambia mwezi uliopita.

Mama Wawili:
Kaka yangu. Kama mdogo wako anajua tangu mwezi uliopita, na anashinda na wenzake, basi siri hiyo umebaki nayo peke yako.

Ngojangoja:
Kwa jibu hilo chai nairudisha jikoni kwa muda. Mtu akitunga, anatunga ndugu mzuri kuliko huyo.

Kalamu Nyekundu:
Turudi kwenye swali lake, maana lilikuwa swali zuri. Waite wote kwa wakati mmoja, na mdogo wako akae nao, asisimame upande wako. Fanya asubuhi, waipate siku nzima ya kuuliza. Jioni ya siku ya mwisho wa wiki ni ya mabosi waoga. Wateja na wauza karatasi wasijue kabla yao. Sentensi ya kwanza iwe habari yenyewe: tunafunga tarehe 30. Ukianza na historia ya miaka 11 watakaa wanatafuta unaelekea wapi na hawatasikia kitu. Kila mtu awe na barua yake yenye tarehe, anachokudai na kitalipwa lini, makato yakiwemo. Neno "familia" liache nyumbani. Usilie. Ukishindwa, lia, lakini usiwafanye wao wakubembeleze. Na ile hofu ya oda iweke mezani: mzigo huu ndio mishahara yetu, atakayebaki mpaka uishe atapata nyongeza kiasi fulani. Taja kiasi, na kiwe ulichonacho kweli.

Jongoo wa Mvua:
Na sala ya kufungua kikao.

Kalamu Nyekundu:
Fupi.

Mchapaji_Mkimya:
Asanteni. Nimeandika barua usiku huu, zote tisa. Ya mdogo wangu ndiyo ndefu kuliko zote, nilipojumlisha ninachodaiwa nimeshtuka. Kesho saa mbili na nusu.

SinaPresha:
Leta mrejesho, usitule buyu.

Mchapaji_Mkimya:
Mrejesho wakuu.

Nilizima mashine ya kuchapa mwenyewe. Nikasema sentensi ya kwanza kama mlivyonifundisha. Hakuna aliyeshtuka. Mama wa kujalidi aliendelea kukunja kitambaa chake cha gundi mara nne, mara nane, mpaka kikagoma kukunjika. Kijana wa kukata akasema, "Bosi, karatasi ya mwezi ujao hatujaagiza. Tulijua." Na kweli, yeye ndiye anayehesabu rimu. Mama alishaniomba wiki mbili nyuma barua ya kuonyesha alianza kazi mwaka gani, nikamwambia nitaandika, nikadhani ni ya mkopo.

Makato ndiyo yaliyowashtua. Hapo palichafuka, sitaandika yote. Mmoja aliniita mwizi na sikumjibu. Yeye na mwenzake wameondoka jana ile ile, nimewalipa siku zao kwa hela ya akiba niliyokuwa nayo. Sita wamebaki. Mchana nilienda kwenye mfuko, wamenipa fomu ya kuomba kulipa kwa awamu, majibu bado.

Walipotoka kikaoni nilikaa ofisini, mlango wazi safari hii. Nikasikia mashine ya kukata inawashwa. Daftari 2,300 ziko tayari.

Mama Wawili:
Yule mama mpe barua yake leo.

Mchapaji_Mkimya:
Nimempa asubuhi. Ameisoma mbele yangu, akanirudishia nirekebishe mwaka.

SinaPresha:
Mkuu samahani, hiyo mashine ya kukata unaiuza? Njoo inboksi.

Mchapaji_Mkimya:
Ngoja daftari ziishe.